Gari la Saa Nane

Mwalimu wa hesabu alikuwa amelala chali kitandani mwake, amevaa nguo za safari, na alikuwa amekufa tangu jana yake mchana.

Inspekta alisimama mlangoni bila kuingia. Ndivyo alivyozoea: macho kwanza, miguu baadaye. Nyumba yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha sakafu ya saruji iliyopasuka. Ukutani ilibaki misumari mitupu. Katikati palikuwa na begi kubwa jeusi lililofungwa zipu, juu yake koti, na kando yake kiti cha mbao. Mtu huyu alibakiza kunyanyuka tu aende zake.

"Koplo, unaona nini?"

Koplo, mwanamke mfupi asiyejua kunong'ona, alichungulia begani kwake. "Namwona msafiri aliyeamua kulala kwanza, afande."

"Angalia viatu."

Viatu vilikuwa chini ya kitanda, vimepangwa sambamba, kamba zimelegezwa mpaka chini. Juu ya meza, miwani ilikuwa imekunjwa ndani ya kasha lake. Shuka ilimfunika marehemu mpaka kifuani, na upindo wake wa juu ulikuwa umenyooshwa kwa mkono.

"Mtu anayejiegesha dakika tano akisubiri gari hafungui kamba zote hizo," Inspekta alisema. "Kuna aliyemlaza hapa. Na huyo aliyemlaza hakumchukia."

Daktari wa polisi, mzee aliyekuwa amesafiri nao saa tano kwenye barabara ya vumbi na bado hajawasamehe, alivaa glovu akainamia mwili. Aliukagua kwa dakika ishirini.

"Hana jeraha," alisema hatimaye. "Shingoni hana alama. Matapishi yameziba njia ya hewa. Amepaliwa akiwa usingizini."

"Kifo cha kawaida, basi."

"Nimesema hivyo? Mtu mzima akipaliwa hukurupuka, hukohoa, hushika shingo. Huyu hata shuka hakuivuruga. Kuna kitu kilimlaza usingizi mzito. Nachukua sampuli za damu na mkojo, maabara itasema kipi."

Inspekta alikwenda dirishani. Kwenye kizingiti, sisimizi walikuwa wamejipanga mstari mmoja, wanapanda na kushuka. Aliwafuata kwa macho hadi walikokuwa wanakusanyika: alama ya duara, kahawia, inayonata. Alama ya kitako cha kikombe.

"Chai ya sukari," alisema. "Kikombe kiko wapi?"

Koplo alifungua begi. Vyombo vyote vya mwalimu vilikuwa ndani, vimefungwa kwa magazeti, vikavu kabisa. Kikombe cha chai hiyo hakikuwemo chumbani.

---

Mkuu wa shule aliwapokea ofisini. Alikuwa mwanamume mnene aliyenyong'onyea, shati lake limekosewa kifungo kimoja. Nyuma yake ukutani kulikuwa na ubao wa ratiba ya vipindi. Mahali pengi penye somo la hesabu na fizikia paliandikwa neno moja tu: Kipeo.

"Kipeo ni nani?"

"Ndiye huyo marehemu. Wanafunzi walimpa jina hilo. Kila kitu kwake kilikuwa kipeo. Ukimwuliza hali, anakwambia nzuri, kipeo cha pili." Mkuu wa shule alitaka kutabasamu, akashindwa. "Shule nzima ilikuwa na mwalimu mmoja wa hesabu, afande. Yeye."

"Na alikuwa anaondoka."

"Alikuwa anaondoka."

"Nani alimkuta?"

"Mimi. Jana saa kumi alasiri. Nilimwita nesi wa zahanati, wanapakana uzio. Akampima, akasema ameshaaga dunia, labda ni moyo. Ndipo nikawapigia nyinyi."

"Gari lake lilikuwa la saa ngapi?"

"Saa nane. Gari la ofisi ya elimu linakuja Ijumaa tu, mara moja kwa wiki. Likikuacha, unasubiri wiki nzima."

"Na kwa nini saa nane hakupanda?"

Mkuu wa shule alivuta leso, akajifuta shingo. "Dereva alibisha mlango, kimya. Akapiga honi, kimya. Mimi nilikuwa ukumbini tangu saa nne asubuhi, nina mkutano na wazazi arobaini, waulize wote. Dereva akanifuata huko. Nikamwambia..."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia labda amebadili mawazo. Amwache. Aende."

"Hukwenda kumwangalia?"

"Sikwenda."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nilifurahi!" Sauti ilimpasuka. "Nilifurahi, afande. Nilidhani amejifungia kwa aibu ya kughairi safari. Nikarudi kwenye mkutano nikawatangazia wazazi kwamba mwalimu anabaki. Walipiga makofi. Wengine walisimama. Na yeye wakati huo..."

Koplo alitazama kando.

Inspekta alimwacha apumue, kisha akabadili mkondo. "Kwenye begi lake tumekuta barua ya uhamisho. Inasema ni ya pili. Inasema asiporipoti kituo kipya Jumatatu saa mbili asubuhi, nafasi anapewa mwingine. Ya kwanza ilikwenda wapi?"

Mkuu wa shule alifungua droo ya chini kwa ufunguo aliouvaa shingoni, akatoa bahasha, akaiweka mezani.

"Miezi minne," Inspekta alisema, akisoma tarehe. "Umelalia barua ya mtu miezi minne."

"Nilikuwa nasubiri kidato cha nne wamalize mitihani. Unajua nimepokea walimu wangapi wa hesabu hapa kwa miaka sita? Tisa. Mmoja alikaa siku kumi na moja. Mmoja alishuka garini, akauliza choo kiko wapi, akaoneshwa, akapanda gari lile lile. Hata injini ilikuwa haijazimwa. Mwingine alikuwa mzuri, mzuri kweli, akaoa, mke akaja, akaona maji yanachotwa mbali, wakaondoka wote. Wanaletwa na barua, wanaondoka na barua. Kipeo alikaa miaka mitatu. Mwaka jana, kwa mara ya kwanza tangu shule ijengwe, watoto sita walifaulu hesabu. Sita! Wewe ungeitoa barua hiyo?"

"Mimi nilikuwa mwalimu," Inspekta alisema.

Mkuu wa shule aliinua uso.

"Shule kama hii. Miezi kumi na moja. Nikaaga kwamba nakwenda msibani."

"Ukarudi?"

"Hapana."

Waliangaliana juu ya ile bahasha. Kila mmoja alikuwa na cha kumlaumu mwenzake.

---

Daktari ndiye aliyekuta dawa. Zilikuwa ndani ya soksi, zimekunjwa katikati ya nguo za begi: pakiti mbili za vidonge vidogo vyeupe na karatasi ya hospitali kubwa ya mjini.

"Dawa za kifafa," alisema. "Anameza kimoja kila siku. Karatasi hii inasema dozi imeongezwa mara mbili mwaka huu, na anatakiwa aonwe na bingwa kila mwezi."

"Hospitali ya mji gani?"

Daktari alimwonesha. Ulikuwa ni mji ule ule wa kituo kipya.

Inspekta alikaa juu ya kile kiti cha mbao. "Kwa hiyo hakuwa anakimbia shida za hapa."

"Alikuwa anafuata matibabu. Na alificha. Wengi huficha. Nani atamwachia darasa mwalimu anayeweza kuanguka mbele ya wanafunzi?"

"Vidonge hivi ndivyo vilivyomuua?"

"Vyenyewe, hapana. Mwili wake ulishavizoea. Lakini ukimpa mtu huyu dawa ya usingizi, bila kujua hizi tayari zimo mwilini, zinashikana. Usingizi unakuwa mzito kuliko ulivyopanga. Siapi mpaka maabara iseme. Ila ukiniuliza kama rafiki, mtafute mwenye dawa za usingizi."

Koplo alikuwa amepiga magoti kwenye begi. "Afande, njoo uone hivi."

Yalikuwa madaftari matatu makubwa yaliyofungwa kwa kamba ya katani. Juu yake karatasi: Kidato cha Nne, mada zote zilizobaki. Koplo alifunua. Kila ukurasa ulijaa mwandiko mdogo ulionyooka, swali, njia, jibu, na pembeni maneno kama ya mtu anayezungumza: hapa wengi mtateleza, rudini mstari wa pili, hapa msiogope, ni kelele tu.

"Kurasa mia tatu," Koplo alisema, safari hii kwa sauti ya chini. "Ameandika kwa mkono wake."

---

Ilikuwa Jumamosi, lakini kidato cha nne walikuwepo darasani. Mwalimu wao alikuwa akiwafundisha kila Jumamosi, na asubuhi ile hakuna aliyejua pa kwenda. Walikaa kwenye madawati yao, wanafunzi ishirini na wanane, wakitazama ubao uliokuwa bado na swali la Alhamisi.

Walisimama wote. "Shikamoo, afande."

"Marahaba. Kaeni. Nina swali moja, na hakuna kosa katika kulijibu. Jana mchana, nani alimpelekea mwalimu chai?"

Msichana wa dawati la mbele alisimama bila kusita. Alikuwa mrefu, mwembamba, na sare yake ilikuwa imefuliwa mpaka rangi ikachoka.

"Mimi, afande."

Nje, chini ya ukingo wa paa, Inspekta alimwuliza mengine.

"Saa ngapi?"

"Saa sita na nusu, mapumziko ya mchana."

"Ilitoka wapi?"

"Nyumbani. Mama alisema mwalimu vyombo vyake ameshavifunga, hawezi kusafiri na tumbo tupu. Alimimina kwenye kikombe, akafunika na sahani. Ni hapo tu, ng'ambo ya uzio."

"Mama yako ni nani?"

"Nesi wa zahanati."

Inspekta hakuonesha kitu usoni. "Mwalimu aliinywa mbele yako?"

"Aliinywa nusu, akaiweka dirishani. Alikuwa ananieleza swali nililokosa kwenye jaribio." Msichana alitazama darasani. "Aliniambia nitafaulu, hata kama yeye hayupo. Mimi nataka kusomea udaktari, afande. Bila hesabu haiwezekani. Nilikuwa nimemkasirikia. Sikumuaga vizuri."

"Kikombe ulikirudisha?"

"Hapana, kengele ililia nikakimbia darasani. Mama alikifuata mwenyewe. Jioni nilikikuta nyumbani, kimeoshwa." Akamtazama usoni. "Kwani chai ilikuwa na nini?"

"Rudi darasani, mwanangu."

Hakurudi. Alibaki amesimama, akiwatazama Inspekta na Koplo wakielekea kwenye uzio.

---

Zahanati ilikuwa vyumba viwili vilivyopakwa chokaa. Kwenye benchi la nje walikaa wagonjwa saba. Nesi alikuwa anafunga kidonda cha mguu wa mzee mmoja, na hakuharakisha kwa sababu polisi wameingia. Alimaliza, akambana mzee kwa maneno kuhusu kutembea pekupeku, akanawa mikono.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, macho mekundu.

"Karibuni. Nilijua mtapita. Poleni na barabara."

"Tumeshapoa. Pole wewe, mama. Alikuwa jirani yako."

"Alikuwa kama mdogo wangu. Miaka mitatu, chumvi tukiazimana."

"Jana ulisema ni moyo."

"Nilisema labda."

"Naomba kuona rejista yako ya dawa."

Mkono wake ulikawia kidogo kwenye taulo. Kisha akaenda kabatini, akaleta kitabu kirefu chenye jalada gumu, akakiweka mezani, akakaa.

Inspekta alifungua kurasa taratibu. Maisha yake yote ya kazi alikuwa hajaona rejista nadhifu namna ile. Miaka kumi na minne ya mwandiko mmoja. Tarehe, jina la mgonjwa, umri, dawa, idadi, sahihi. Hakuna mfuto, hakuna mstari uliorukwa. Alifika Ijumaa. Wagonjwa kumi na tisa. Kidole chake kilishuka, kikasimama kwenye mstari wa kumi na mbili.

"Dawa ya usingizi. Vidonge vinne. Sahihi yako." Alikigeuza kitabu. "Mbona hapa hakuna jina la mgonjwa?"

Nesi alitazama pengo lile jeupe.

"Mama, ungeweza kuuacha mstari wote. Nani angejua?"

"Dawa imetoka kabatini," nesi alisema taratibu. "Ikitoka, inaandikwa. Sijawahi kutoandika."

"Na jina?"

"Sikuweza kuandika uongo. Na ukweli nao mkono ulikataa."

Koplo alisogea, akaufunga mlango wa nje.

"Ulivisaga?"

"Nilivisaga, nikaongeza sukari."

"Ulitaka afe?"

"Hapana!" Alisimama, kiti kikaanguka. "Nilitaka alale! Alale gari limwache! Basi! Ijumaa ipite, Jumatatu ipite, nafasi achukue mwingine, abaki hapa hadi mitihani. Miezi miwili tu. Nilijua atanikasirikia. Nilishajiandaa kupiga magoti."

"Ulirudi kumwangalia."

"Saa saba na robo. Nilimkuta kitini, kichwa kimeangukia kifuani. Nilimbeba, nikamlaza, nikamvua viatu na miwani. Nikamsikiliza pumzi, ilikuwa nzuri. Mapigo, mazuri. Nikamfunika. Nikachukua kikombe. Nikawa na wagonjwa kumi nje." Alijishika kichwa. "Ningemlaza ubavu. Kila siku nawafundisha kina mama, mtu aliyelala fofofo mlaze ubavu. Nilimlaza chali kwa sababu alikuwa na shati la safari. Sikutaka likunjamane."

Inspekta aliinua kiti, akamkalisha. Yeye pia akakaa.

"Kwa nini, mama? Nataka kuisikia kwa kinywa chako."

"Binti yangu ana akili. Sisemi kama mama, nasema kama mtu anayeona. Kidato cha kwanza chote hakuwa na mwalimu wa hesabu hata siku moja. Walikuwa wanakaa darasani kipindi kizima wanatazamana. Nikamwona mwanangu anafifia. Kisha akaja huyu, na mtoto akawaka kama taa. Akasema mama, nitakuwa daktari. Mimi nimekaa kwenye zahanati hii miaka kumi na minne nikiwaambia wajawazito daktari yuko mjini. Sasa daktari anakulia nyumbani kwangu. Halafu miezi miwili kabla ya mtihani mwalimu anafunga begi. Nikamwuliza, kwa nini? Akasema, dada, ni mambo yangu. Mambo yake! Nikaona ni yale yale. Amechoka na vumbi, anataka mji, kama wote."

Inspekta alitoa ile karatasi ya hospitali mfukoni, akaisogeza mbele yake.

Nesi alisoma. Alisoma jina la ugonjwa, akasoma jina la dawa, akasoma dozi. Midomo yake ilicheza akipiga hesabu aliyoijua vizuri kuliko mtu yeyote pale. Kisha akaanguka mezani kwa paji la uso, na sauti iliyomtoka iliwafanya wagonjwa wa nje wanyamaze.

"Mimi ni nesi wake," alisema pale alipoweza kusema. "Tumetenganishwa na uzio tu. Angeniambia. Ningemtunza. Kwa nini hakuniambia?"

"Labda aliogopa mtamwona si mwalimu tena."

---

Nesi aliomba dakika kumi za kukabidhi ofisi. Inspekta alimpa.

Lakini hapakuwa na wa kumkabidhi. Mwishowe alimkabidhi mkuu wa shule, aliyekuja mbio akitweta, shati bado limekosewa kifungo. Alimpa ufunguo wa kabati la dawa na wa jokofu la chanjo. Alimwambia jokofu lisizimwe hata iweje. Alimtajia wajawazito wanne, nyumba zao na wiki zao, na yupi akianza uchungu asisubiriwe hata saa moja, akimbizwe mjini. Mkuu wa shule alikuwa anaandika nyuma ya ile bahasha aliyoificha miezi minne, kwa kuwa hakuwa na karatasi nyingine.

"Afande," mkuu wa shule alimwambia Inspekta pembeni. "Nesi mwingine ataletwa lini?"

"Sijui."

"Na mwalimu?"

"Unaniuliza mimi?"

Wale wagonjwa saba walikuwa bado kwenye benchi. Hakuna aliyeondoka.

Binti alikuwa amesimama kando ya gari la polisi, hajalia. Alikuwa amesikia yote dirishani. Ukuta wa zahanati haukuwa na siri. Mama yake alipofika karibu, pingu mikononi, alisimama.

"Nilifanya kwa ajili yako," alisema. "Usome. Nisikilize, mwanangu, usome tu. Afande ameniambia mwalimu ameacha madaftari, atakupa. Kila kitu kimo."

"Mama."

"Naam."

"Mimi ndiye niliyempelekea ile chai."

Nesi alimnyooshea mikono yenye pingu; binti akarudi nyuma hatua moja.

"Aliniambia ahsante," binti alisema. "Akaniambia nikushukuru. Mimi sikukuomba, mama. Sikukuomba."

Kisha akageuka, akatembea kuelekea nyumbani, si shuleni. Mama yake alimwita mara mbili kwa jina, mara ya tatu akaliita taratibu, kana kwamba analitamka peke yake.

Koplo alimsaidia kupanda. Daktari alikaa mbele. Huko nyuma, chini ya turubai, mwalimu wa hesabu alikuwa naye ameanza safari yake. Inspekta aliyachukua madaftari matatu, akavuka uzio mpaka darasani. Wanafunzi ishirini na saba walisimama. Aliyaweka juu ya meza ya mwalimu, akalifungua la juu kwenye ukurasa wa kwanza. Akatoka.